Mtoto mdadisi kwenye ua wa wapangaji

Ushauri mwingi ninaousoma kuhusu kumkinga mtoto anayeanza kutembea umeandikwa kwa ajili ya nyumba ya familia moja. Funga geti kwenye ngazi, nunua vifuniko vya soketi, weka vifungo kwenye kabati za jikoni. Sisi tunakaa Chikongola, Mtwara mjini, nyumba ya kupanga: korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma kuna ua wenye bomba moja, choo na bafu, na banda la bati tunakopikia wote. Ngazi hakuna, kabati la jikoni hakuna. Chumba changu nilikimaliza upesi, na hapo ndipo nilipoona kwamba kazi yenyewe bado. Mtoto wa nyumba kama yetu chumbani analala tu. Mchana kutwa yuko uani, katikati ya vitu vya watu.

Chumba nakipitia haraka. Ekstensheni ilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni; baba yake akaipigilia ukutani, juu ambako mtoto hafiki. Chaja haiachwi ikining'inia kwenye soketi inayowaka, maana mtoto huutia mdomoni ule mwisho wa waya. Televisheni tuliifunga kwa kamba kwenye ndoano ya ukutani, kwa sababu meza yake ni nyepesi na mtoto anayesimama dede hushika na kuvuta chochote. Kitambaa cha meza nilikitoa kabisa, akikivuta chupa ya chai inakuja nacho. Kitanda tukakisogeza mbali na dirisha.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikushauriwa na mtu. Asubuhi moja niliwahi kumaliza kazi, nikamwacha uani aende anakotaka, mimi nyuma yake, bila kumwambia acha wala njoo, namdaka tu pale penye hatari ya kweli. Nilitaka kujua miguu yake inampeleka wapi. Midoli yake hakuigusa. Alikwenda kwenye ndoo akakoroga maji kwa mkono. Akatoka hapo akaenda kwenye jiko la jirani lililokwisha kupoa, akaokota kile kipande cha mfuniko tunachopepelea mkaa, akaanza kupepea. Akaona kipande cha sabuni, akakisugua kwenye gauni lake. Mwisho akaifuata mbuzi ya kukunia nazi ya bibi wa chumba cha mbele, akageuka na kurudi kinyumenyume apate kuikalia. Kila alichokishika ni kitu alichomwona mtu mzima anakifanyia kazi. Watu walikuwa wanamwita mtukutu. Mimi nikamwona ni mtoto anayejifunza kazi za nyumbani kwao, na kazi hizo zina visu, moto na maji.

Tangu siku hiyo swali langu likabadilika. Nikawa naangalia kila kazi inayofanyika uani na kujiuliza: ikiisha, vyombo vyake vinabaki wapi? Kwa sababu wakati mtu anakuna nazi, macho yake yapo. Hatari inaanza pale anapoinuka na tui lake kwenda jikoni.

Nianze na hiyo mbuzi. Ulimi wake, ule wa chuma wenye meno, unasimama sawasawa na uso wa mtoto wa umri ule. Akijikwaa mbele yake, ni jicho au shavu. Lakini mwenye mbuzi ni mtu mzima, amenizidi umri mara mbili na zaidi, na huwezi kumwendea bibi wa watu ukamwambia chombo chako ni hatari. Nilisubiri jioni, amekaa barazani na ming'oko yake anamenya.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu kashindaje?”

“Kashinda salama bibi. Siku hizi anataka kukuna nazi.”

Akacheka. “Mwache ajifunze, atakuja kunipikia.”

“Ndiyo bibi. Sema ule ulimi unamfika jichoni. Nilikuwa naomba tukimaliza kukuna, tuikunje tuitundike.”

Akanyamaza, akaitazama mbuzi yake. “Mimi nimelea wanangu wote na mbuzi iko palepale chini.”

“Najua bibi, ndiyo maana nimekuja kwako kwanza.”

Hakujibu kitu. Kesho yake baba yake mtoto akapigilia msumari wa inchi nne kwenye nguzo ya banda, mahali ambapo mkono wa bibi unafika bila kujinyoosha. Hilo la kufika bila kujinyoosha tulilipima kwa makusudi. Bibi akaitundika siku ileile, na haikuchukua muda akawa yeye ndiye anayewasemesha wengine: mbuzi itundikwe! Visu navyo vikapata msumari wao, na panga likahamia juu ya boriti. Nimeliona hili mara nyingi tangu wakati ule: mtu akiwekewa mahali pa kuweka kitu, ataweka. Ukimpa maneno tu bila mahali, mtagombana. Mtoto naye nikampa kifuu chake na mwiko uliokatika mpini, akae karibu na bibi akune chake wakati bibi anakuna cha kwake. Akipewa cha kufanya, vya wengine havifuati sana.

Maji ndiyo yaliyoninyima usingizi. Bomba letu halitoki kila siku, kwa hiyo kila chumba kina akiba: ndoo, madumu, beseni, na pembeni ya bafu pipa la wote. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo kutazama au kuokota kikombe, anapinduka kichwa chini, na mikono yake haina nguvu ya kumrudisha. Haihitaji ndoo iliyojaa. Maji ya sentimita 5 yanatosha kuziba pua na mdomo. Na hapigi kelele. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu na wenzangu uani, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa anaamini mtoto akitumbukia tutasikia akitapatapa na kulia. Hatusikii kitu. Anazama kimya, kwa muda ambao mtu anaingia ndani kutafuta simu na kurudi.

Tulikubaliana hivi: maji ya akiba yakae kwenye madumu yenye vifuniko vya kuzungusha, na ndoo ziwe zile zenye mifuniko ya kubana. Beseni la kufulia likimaliza kazi linamwagwa palepale na kugeuzwa chini juu, hata kama unarudi baada ya dakika kumi kusuuza. Hili la kumwaga lilikuwa gumu, maana maji ya kusuuzia ni mali, watu huyatunza kwa ajili ya kudekia na chooni. Tukatenga madumu mawili ya maji ya kudekia, mtu anamimina humo. Pipa likapata mfuniko wa mbao, na yale matofali yaliyokuwa yamepangwa kando yake yakaondolewa, kwa kuwa kwa mtoto hiyo ilikuwa ngazi. Mlango wa choo ukafungwa komeo upande wa nje, juu, na kila anayetoka anavuta komeo. Watoto wa shule ndio wanaosahau, hao tunawakumbusha.

Chupa sasa. Kila nyumba huku chupa ya plastiki ya maji ya kunywa haitupwi. Kwetu ilikuwa inabeba mafuta ya taa ya kuwashia mkaa, dawa ya kutoa madoa iliyopimwa dukani, na sabuni ya maji ya dada mmoja anayeitengeneza na kuuza, ya kijani na ya pinki, inapendeza kama juisi. Mtoto wa mwaka na kitu hasomi, na harufu haimzuii. Anachojua ni kwamba mama akishika chupa ya namna ile anafungua na kunywa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu mtoto alikunywa mafuta ya taa hivyohivyo, yaliachwa kwenye chupa kando ya jiko. Mama yake alishamwinamisha amtie kidole atapike. Muuguzi anayekaa mtaani hapo ndiye aliyemshika mkono. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia njia ya hewa na kushuka kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoharibu zaidi. Asitapishwe, wala muda usipotee kuzunguka mtaani kutafuta maziwa. Achukuliwe na kupelekwa hospitali, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari ajue amekunywa nini. Mtoto yule alilazwa, akakohoa sana, akapona. Jioni ile hapakuwa na haja ya mimi kuitisha kikao, wenye vyumba walitoka wenyewe.

Kanuni tuliyoiweka ni moja: kisichonywewa hakikai kwenye chupa ya kunywea. Mafuta ya taa yakahamia kwenye kidumu chenye mfuniko mgumu, juu ya boriti. Dada wa sabuni ndiye aliyebaki na mzigo, kwa sababu chupa zile ndizo biashara yake, na wateja wanaleta hizohizo. Sikutaka aonekane adui wa mtoto. Tulikubaliana akishajaza, chupa ziingie chumbani kwake na mlango ufungwe, na anapochanganya dawa zake afanye wakati mtoto amelala, au aniambie nimtoe nje. Akitengeneza sabuni ya mche ndiyo zaidi, maana kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, ikigusa mdomo wa mtoto inachoma hadi ndani kooni, na hiyo nayo mtoto hatapishwi. Anapiga hodi kila mara. “Mama, leo nachanganya.” Namchukua mtoto tunakwenda barazani mpaka amalize na kumwaga maji mahali pake.

Moto. Majiko ya mkaa yalikuwa chini, yamepangana. Tulichanga, tukanunua tofali na mfuko wa saruji, fundi akajenga kibaraza kinachofika kiunoni mwa mtu mzima, majiko yakapanda juu. Gharama yake ilikuwa ndogo kwa kila chumba, na akina mama wenye migongo inayouma walishukuru kabla hata ya kufikiria mtoto. Mpini wa sufuria unageuzwa ndani. Uji unapoiva haubebwi kupita koridoni bila kuita “moto, moto!” Lakini kitu ninachotaka kila mama akiangalie ni majivu. Mkaa ukiisha tunamwaga majivu kwenye kona ya ua, juu yanakuwa meupe, yametulia, na chini yake kuna kaa zinazowaka kwa saa nyingi. Mtoto yuko peku. Sasa majivu yanamwagwa kwenye karai kuukuu na kunyunyiziwa maji papo hapo, ndipo yaende kutupwa.

Na akiungua, ni maji ya kawaida ya bomba, yamiminwe taratibu juu ya pale palipoungua kwa dakika 20. Maji yakikatika, dumu lipo. Nguo inavuliwa kama haijagandana na ngozi. Dawa ya meno, yai, asali, unga, vyote hivyo nimeviona vikipakwa na watu wenye huruma kabisa, na vinazidisha kazi ya daktari, kwa kuwa joto linabaki ndani na kidonda kinapata uchafu. Ukishapooza, funika kwa kitambaa safi uende hospitali. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, chai inayokuunguza wewe kidogo yeye inamchubua.

Msimu wa korosho tunakwenda Newala kwa mjomba, na huko mambo ni mengine. Kwanza ni kisima. Juu kule kwenye uwanda wa Makonde maji ya ardhini yako mbali sana, kwa hiyo watu hujenga kisima cha saruji kando ya nyumba kupokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mvua zikichanganya kinajaa, na mdomo wake hauinuki sana kutoka ardhini. Kwa mjomba kilikuwa kinafunikwa kipande cha bati na jiwe juu. Bati lenye kutu linabonyea hata kuku akipita.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika familia, na mimi ni mpwa tu. Nilipitia kwa mama yangu. Mama akaongea na kaka yake usiku, wao wawili, sijui waliongea nini. Asubuhi mjomba akaniita. “Mama yako ameniambia. Unataka mfuniko wa namna gani?” Nikamwelezea: wa chuma, wenye bawaba, na mahali pa kutia kufuli, ufunguo ukae juu mlangoni. Akampigia fundi wa kuchomelea mjini Newala. Ulipokuja, mjomba mwenyewe aliupanda kwa miguu miwili mbele yetu kuujaribu.

Pili ni salfa na dawa za maji. Mikorosho hupuliziwa kuanzia mwezi wa sita kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofanana na unga mweupe, na kinachobaki hurudi nyumbani. Mara nyingi kinahifadhiwa chumba wanacholala watu, kwa hofu ya kuibwa, na mfuko ukipasuka unga wa njano unatambaa sakafuni anakotambaa mtoto. Unawasha macho na kubana kifua. Dawa za maji ni kali zaidi ya hapo, na kuna tabia ya kumpimia jirani kiasi kwenye chupa ya soda. Nilimwomba mjomba mambo matatu: dawa ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, stoo ipate kufuli, na nguo za kupulizia zivuliwe nje na kufuliwa peke yake. La stoo na la chupa alikubali hapohapo. La nguo lilichukua muda, kwa sababu mtu akitoka shambani amechoka, na mtoto akimwona babu yake anamkimbilia kumkumbatia miguuni. Siku hizi anampungia mkono kwa mbali, anapitia bafuni kwanza, ndipo anamwita.

Tatu ni korosho zenyewe. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza. Mtoto akiing'ata, midomo inaumuka malengelenge. Marundo yanaanikwa uani na ni mazuri machoni pa mtoto, kila moja inajaa kiganjani. Zinapoanikwa, yeye anakaa upande wa mbele na mtu wake. Zinapochomwa kwa ajili ya kubangua, hatusogei kabisa, moshi ule na matone yanayoruka havifai hata kwa mkubwa. Na korosho iliyoiva nayo, pamoja na karanga, hapewi nzima. Watoto chini ya miaka 4 hadi 5 hawatafuni vizuri vitu vigumu vya namna hiyo, na kipande kikikosea njia kinaziba pumzi. Kwake naisaga, naitia kwenye uji. Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe kifua kikiangalia chini na mpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Usichokonoe kooni kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Vidonge. Vile vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki tukiwa wajawazito hatuvichukulii kama dawa kali, tunaviacha chini ya mto au kwenye pochi. Mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Vyangu vilikaa kwenye sanduku lenye kufuli juu ya kabati la nguo, pamoja na dawa ya panya ya nyumba nzima, ambayo sasa haitegwi sakafuni. Mabegi ya wageni nayo yanatundikwa: dawa za presha za bibi anayetembelea ziko humo.

Na zile betri za duara, bapa kama sarafu, za saa na baadhi ya rimoti na midoli inayolia. Nilizijua kwa yule muuguzi. Ikikwama kooni, ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeshachoma nyama ya koo, hata kama mtoto anacheza na hatoi damu. Kwa hiyo ukihisi tu kwamba ameimeza, husubiri itoke na choo. Unakwenda. Kwetu mdoli wowote ambao kifuniko chake cha betri hakina skrubu hauingii ndani.

Watu huniuliza kama mtoto hatakuwa mwoga kwa kuzuiwa hivi. Kwa kweli nilianza kumzuia kidogo kuliko zamani. Kabla ya misumari, kibaraza na mifuniko, neno lake la kila saa lilikuwa “acha”, kutoka midomo ya watu wote wa nyumba. Sasa anazunguka ua mzima na watu wanaendelea na kazi zao. Macho bado yanahitajika, na tumepangiana: anayeingia ndani anasema kwa jina la mtu, “bibi, nakuachia mtoto”, na haondoki mpaka bibi aitikie. Kusema “mwangalieni mtoto” kwa watu wote ni sawa na kutomwachia mtu yeyote.

Kimebaki kitu kimoja, mfereji wa bafuni unaopita kando ya ukuta kwenda kwenye karo. Uko wazi, na mfuniko wa karo una ufa. Mwenye nyumba amesema atatengeneza malipo ya korosho yakitoka. Wiki iliyopita amehamia mpangaji mwenye mtoto anayetambaa, kwa hiyo tumeamua tusingoje: tumeweka mbao juu ya mfereji na tofali mbili juu ya karo, na mchango wa zege unapita chumba kwa chumba. Bibi ndiye anayeushika.